Hivi kwa nini Dar hakuna maabara ya kukodi benchi kwa mwezi? Waliojaribu njooni

#1 Benchi Tupu
Wakuu, salama.

Kijana mwenye wazo la programu ya simu anahitaji laptopu na bando. Anakaa Buni, ile sehemu ya wabunifu pale COSTECH, au kwenye mgahawa wowote wenye intaneti, baada ya muda ana kitu cha kuonyesha watu. Mwenye wazo la bayoteknolojia, tuseme kipimo cha haraka cha ugonjwa wa muhogo au kimeng'enya cha kulainisha ngozi, anaanza kwa kusaka kabineti ya hewa safi, otoklevu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu), sentrifuji, mashine ya PCR ya kunakili DNA, na friza. Hajajua hata kama wazo lenyewe lina uhai, tayari anadaiwa mamilioni.

Kwingine, mfano LabCentral kule Marekani, wametoka hapo kwa maabara za pamoja. Unalipia benchi lako, yaani meza ya kazi, vile vitu vikubwa mnatumia wote. Sisi hapa tuna vyuo, tuna NIMR ya utafiti wa tiba, tuna TARI Mikocheni ya utafiti wa kilimo, tuna hospitali binafsi zilizonunua PCR enzi za korona. Kwa hiyo dai langu ni hili: vifaa tunavyo, ila vimefungiwa. Mradi wa mfadhili ukiisha, mashine inafunikwa kitambaa na ufunguo anaondoka nao mtu.

Nani anabisha? Na kuna aliyewahi kupewa benchi na taasisi bila kuwa mwanafunzi wala mtumishi wake?

#2 Nyuki Mkali
Nimekaa pembeni na karanga zangu. Waje wenye makoti meupe.

#3 Fundi Friza
Nabisha, mkuu. Kazi yangu ni kutengeneza hivyo vitu. Mashine nyingi zilizofunikwa kitambaa hazijafichwa, zimekufa. Taa imeungua, spea inaagizwa nje, na mradi ulipoandikwa hakuna aliyeweka kifungu cha matengenezo. Mfadhili anapenda kupigwa picha na mashine mpya, hapendi kulipia gasketi.

Kabineti ya usalama ndiyo mbaya zaidi. Inatakiwa ikaguliwe mtiririko wa hewa na vichujio angalau mara moja kwa mwaka, na mafundi wenye vyeti vya kazi hiyo hapa nchini ni wa kutafuta kwa tochi. Watu wanasikia inanguruma, wanajua nzima. Nimeshakuta ambayo hewa ilikuwa inatoka kwenye sampuli kuja usoni kwa mtumiaji.

Ukitoa vyuma chakavu kwenye hesabu yako, "vifaa tunavyo" inabaki ndogo sana.

#4 Mzee wa Ubungo
Vijana mnapenda kujilinganisha na wazungu. Hiyo LabCentral ya Boston mnayoisifia ilijengwa na serikali, watoto wao wakaingia bure. Hapa nani akupe bure? Na hata ukipewa, TFDA wa chakula na dawa watakufuata kesho yake.

#5 Bostoni Baridi
Shikamoo Mzee. Hapo kwenye LabCentral naomba nirekebishe, maana napita mbele ya jengo hilo mara kwa mara.

Kwanza si Boston mjini, ni Cambridge ng'ambo ya mto, eneo la Kendall Square, 700 Main Street. Ilifunguliwa 2013 kama shirika lisilogawa faida. Jengo ni la MIT. Jimbo la Massachusetts lilitoa ruzuku ya dola milioni 5 kupitia kituo chake cha sayansi za uhai, na kampuni kubwa za dawa na wauza vifaa wakaingia kama wafadhili. Walianza na futi za mraba 28,000 hivi.

Pili, bure hakuna. Benchi linalipiwa maelfu ya dola kwa mwezi. Wanaita nafuu kwa sababu wanalinganisha na gharama ya kujenga maabara yako mwenyewe, ambayo kule inamaliza mtaji wote kabla hujafanya jaribio la kwanza. Na kabla yao, California walishaanza kidogokidogo: QB3, taasisi ya utafiti ya vyuo vikuu vya huko, walifungua vyumba vichache kwenye chuo cha UCSF, Mission Bay, San Francisco, mwaka 2006, wakaviita gereji.

Watu wanatazama mashine, ila mpangaji analipia zaidi vile visivyoonekana. Siku unayoingia, vibali vya jengo vipo, taka hatarishi zina mtu wa kuzichukua, gesi ipo, vyombo vinaoshwa, mafunzo ya usalama unapewa. Unakuja na seli zako tu.

Kwa wapenda historia: jengo hilohilo ndimo alimokuwa Watson 1876 kwenye yale mazungumzo ya simu ya mbali na Bell, mgunduzi wa simu, aliyekuwa Boston, na baadaye Edwin Land wa kamera za Polaroid alikuwa na maabara yake humo.

#6 Mama Uyoga
Habari zenu wanangu. Mimi hizo PCR sizijui. Nazalisha mbegu za uyoga, nawauzia akina mama wenzangu wanaopanda kwenye mifuko. Ninachohitaji ni vitu viwili: sehemu ya kupandikiza isiyo na upepo mchafu, na otoklevu. Sasa hivi natumia presha kuka kwenye jiko la gesi na kaboksi nililotoboa mashimo mawili ya mikono. Msimu wa mvua ukungu wa kijani unanila mifuko hadi nalia.

Nilikwenda kwenye chuo kimoja kuomba nilipie otoklevu yao hata mara moja kwa wiki. Wakasema andika barua. Nikaandika. Wakasema barua ipitie kwa mkuu wa idara. Mkuu wa idara yuko masomoni. Anayekaimu hana mamlaka ya kupokea fedha, na mwenye mamlaka ya kupokea fedha hajui otoklevu ni nini. Nimerudi kwenye presha kuka yangu.

#7 Benchi Tupu
Mama Uyoga, asante sana. Fundi, umeona? Hiyo otoklevu ilikuwa nzima, na mteja alikuwa na fedha mkononi. Kilichokosekana ni risiti! Taasisi ya umma haina namna rahisi ya kumtoza mtu wa mtaani kwa saa, kwa hiyo salama yao ni kusema hapana.

#8 Kapteni Pipeti
Mnaongea kama vile mkishapata funguo kazi imeisha. Mimi ni mteknolojia wa maabara, naomba niwaharibie raha.

Mama yangu anataka kupandikiza uyoga. Mwingine atakuja na miche ya migomba ya tishu, ile inayokuzwa kwenye chupa. Mwingine anatengeneza kiuatilifu cha bakteria aina ya Bacillus. Wa nne anapima virusi kwa PCR. Mkiwaweka hawa wanne chumba kimoja kwa mwezi mmoja, mtagombana hadi polisi. Mbegu za ukungu zinaelea hewani zinatua kwenye chupa za migomba. Bacillus anatengeneza viini vigumu ambavyo spiriti haiviui, unafuta meza mara tatu na bado vipo.

PCR yenyewe ndiyo yenye balaa la kimyakimya. Tyubu moja iliyomaliza mizunguko yake ina mabilioni ya nakala za kile kipande cha DNA. Ifungue kwenye benchi lilelile unalochanganyia vitendanishi (kemikali za kipimo), na kesho kila sampuli inasoma ugonjwa upo, hadi ile tyubu ya maji matupu uliyoweka kama shahidi. Ndiyo maana maabara ya PCR iliyopangwa vizuri ina chumba cha kuchanganyia, chumba cha kuweka sampuli na chumba cha kukuzia, na mtu anatembea upande mmoja tu, koti la chumba cha mwisho halirudi cha kwanza. Pipeti pia zina vyumba vyake.

Maabara ya pamoja si ukumbi wa mikutano, leo kipaimara kesho kikao cha harusi. Gharama iko kwenye kuta, milango na hewa. Benchi ni mbao tu.

#9 Mama Uyoga
Kapteni nimekuelewa baba. Basi mimi nipeni kile chumba cha nje kilichokuwa stoo, uyoga haubagui.

#10 Nyuki Mkali
Mama Uyoga ndiye mpangaji wa kwanza. Amepata chumba kabla jengo halijajengwa 😂

#11 Msomi wa Juja
Salamu kutoka Kenya. Hapa Nairobi tumekuwa na BecA, maabara ya pamoja ya watafiti, kwenye kampasi ya ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, tangu miaka ya 2000, mashine za hali ya juu zikitumiwa na watu wa nchi nyingi za Afrika Mashariki na Kati. Kwa hivyo hili wazo si geni, na linawezekana.

#12 Kapteni Pipeti
#11 BecA naijua, na naiheshimu. Lakini walengwa wake ni watafiti wa taasisi, hasa za kilimo, wengi wakienda kwa ufadhili wa miezi kadhaa halafu wanarudi kazini kwao. Mleta uzi anauliza kuhusu mtu asiye na mwajiri, mwenye kampuni ya watu wawili iliyosajiliwa BRELA juzi.

#13 Msomi wa Juja
Sikusema ni ya kampuni. Nimesema mashine zinaweza kutumiwa na watu wengi zikiwa na msimamizi anayelipwa kuzisimamia. Hapo ndipo vyuo vyetu vinafeli, msimamizi ni mhadhiri ambaye anafundisha madarasa matano na maabara ni kazi ya ziada. Hata ukimpa otoklevu kumi.

#14 Mwanasheria Pori
Mzee wa Ubungo, TFDA ilishageuka TMDA mwaka 2019 na mambo ya chakula yakahamia TBS. Tuendelee.

Mnajadili friza wakati anayeogopesha fedha ni sheria isiyotabirika. Hiyo Cambridge ya Bostoni Baridi ina kisa. 1976 meya wao, Alfred Vellucci, alikuja juu kuhusu utafiti wa kuunganisha DNA pale Harvard na MIT. Mji ukasimamisha sehemu ya kazi hizo, ukaunda kamati ya raia wa kawaida, akiwemo mtawa muuguzi. Wakakaa, wakahoji wanasayansi, wakaandika masharti. Februari 1977 ikapita sheria ndogo ya mji, ya kwanza ya aina yake Marekani. Kila mtu alidhani kampuni zitakimbia. Biogen, kampuni ya bayoteknolojia, wakaja Cambridge miaka michache baadaye. Kanuni ilikuwa kali, lakini ilikuwa imeandikwa na ilikaa palepale.

Sisi je? Kanuni zetu za usalama wa bayoteknolojia ni za 2009. Zikalegezwa kidogo, 2016 majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba (GMO) yakaanza Makutupora, Dodoma. Novemba 2018 amri ikatoka yasitishwe. Kenya walipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO 2012, baraza la mawaziri likaondoa Oktoba 2022, kisha ikawa kesi juu ya kesi. Mwekezaji wa maabara anayehitaji miaka kumi kurudisha fedha zake anasoma hayo anafunga faili.

#15 Benchi Tupu
#14 umenena vizuri, ila Mama Uyoga hagusi GMO. Migomba ya tishu haigusi GMO. Wengi tunaoulizia benchi hatuhitaji kabisa kibali cha GMO. Kwa hiyo hiyo sababu inaeleza kwa nini hatuna kampuni kubwa, haielezi kwa nini hakuna kachumba kamoja ka kukodi.

#16 Mwanasheria Pori
Kemikali zako utazisajili kwa Mkemia Mkuu. Taka zako NEMC wa mazingira watazitaka. Ukigusa damu ya mtu, kibali cha maadili cha NIMR. Kila mpangaji akienda peke yake kwenye milango hiyo, kachumba kako ni foleni. Labda mwenye jengo abebe vibali vyote, na hapo swali linakuja: mpangaji akimwaga kitu kwenye sinki, anashtakiwa nani?

#17 Hesabu Ndogo
Tuache nadharia, tupige hesabu. Friza la nyuzi −80 la zamani linakula karibu uniti 20 kwa siku. Kwa shilingi 356 kwa uniti, ni 7,120 kwa siku, zaidi ya laki mbili kwa mwezi. Friza moja. Hapo joto linalotoa halijaondolewa na kiyoyozi, nacho kinakula. Weka na jenereta, kwa sababu friza likizimika Ijumaa usiku, Jumatatu kazi ya miaka ya watu imekuwa supu. Wapangaji sita wakigawana umeme tu wanaanza kununa.

#18 Nyuki Mkali
Jenereta la nini tena? Bwawa la Nyerere si megawati 2,115?

#19 Fundi Friza
#18 kuzalisha ni kitu kimoja, kufika kwenye soketi ni kingine. Kinachoua kompresa za friza hizi si kukatika, ni umeme mdogo unaoyumba jioni watu wakiwasha majiko na pasi. Weka kidhibiti cha maana kwanza.

Halafu Hesabu Ndogo, friza nyingi hazina haja ya kuwa −80. Ziweke −70, matumizi yanashuka karibu theluthi kwa baadhi ya modeli na kompresa inapumua. Vyuo kadhaa Marekani na Ulaya vimeshahamia huko. Na anayezalisha miche ya migomba hana haja nalo kabisa, yeye anataka rafu, taa na hewa safi.

#20 Sanduku la Barafu
Nimesoma bandiko zote. Mnabishana kuhusu chumba. Chumba si tatizo.

Tatizo ni sanduku. Unaagiza vimeng'enya vya laki nne, usafirishaji na ushuru unazidi bei ya mzigo. Mzigo umefungwa kwenye barafu kavu inayoyeyuka kuwa gesi kila saa. Unatua Ijumaa, wakala hayupo, karatasi moja haina muhuri. Unautoa Jumatano, umekuwa wa joto la Kipawa. Unaagiza tena. Mwenzako wa Kendall Square anaagiza jioni anapokea asubuhi.

Maabara ya pamoja kwangu ina maana moja kubwa: wapangaji kumi wanaagiza sanduku moja, wakala mmoja, friza la −20 la kupokelea. Hata wangekuwa wanafanyia kazi majumbani kwao.

Nyingine ni kutengeneza wenyewe. Hataza za msingi za Taq, kile kimeng'enya cha PCR, ziliisha zamani. Unaweza kukikuza kwenye bakteria E. koli na kukisafisha, mbinu zimechapishwa wazi. MboaLab pale Yaoundé, Kamerun, ni maabara ya jamii iliyoshika njia ya kuzalisha vitendanishi hapohapo.

#21 Kapteni Pipeti
#20 kukuza E. koli iliyobadilishwa vinasaba? Mwanasheria Pori ameshaamka huko aliko 😂

#22 Mwanasheria Pori
Nipo macho.

#23 Aliyesoma Bengaluru
Wakuu, hakuna aliyeitaja India na ndiyo wa kufanana nasi zaidi. Serikali yao iliunda BIRAC, shirika la kukuza bayoteknolojia, mwaka 2012. Kwa mpango wa BioNEST inazipa ruzuku taasisi zinunue vifaa na kufungua vyumba vya wapangaji. C-CAMP ya Bengaluru ni mojawapo ya zinazojulikana. Ila ujanja uko sehemu nyingine: wanampa na mpangaji ruzuku ya wazo, hadi rupia milioni 5, kwa miezi 18. Mpangaji ana cha kulipia kodi, mwenye jengo ana mpangaji.

Hapa tukijenga, tutajenga nusu moja. Jengo litazinduliwa, utepe utakatwa, halafu litakaa tupu kwa sababu hakuna mwenye kodi. Tangu 2019 tuna MAKISATU, mashindano ya sayansi na ubunifu, vijana wanapewa tuzo na picha. Mshindi wa bayoteknolojia akishuka jukwaani anaelekea wapi?

#24 Bostoni Baridi
#23 hata huku jengo bila mpangaji limewakuta. Mitaji ilipokuwa mingi kila mwenye ghala alilifanya maabara. Baada ya 2022 fedha zikakauka, sasa kuna maghorofa ya maabara yenye taa zinazowaka na hakuna mtu. Ila bei ya benchi haijawa ya Mama Uyoga.

#25 Mzee wa Ubungo
Ndiyo maana nasema anzeni na SIDO, shirika la viwanda vidogo. Ipo tangu 1973, ina mitaa ya viwanda mikoani, umeme mkubwa upo, watu wanapanga na kulipa. Ongeza chumba kimoja kisafi kwenye kila mtaa.

#26 Nyuki Mkali
Mzee kila uzi SIDO. Juzi kwenye uzi wa pikipiki za umeme SIDO. Kwenye uzi wa ndoa pia utasema SIDO.

#27 Hesabu Ndogo
Cheka, lakini Mzee kagusa kitu. Tatizo langu na SIDO, na vyote vilivyotajwa, ni soko. Tazama kile kiwanda cha viuadudu vya viluwiluwi vya mbu Kibaha, cha NDC, shirika la maendeleo la taifa, kwa teknolojia ya Cuba. Hicho si benchi, ni matangi kamili ya kukuzia bakteria. Na bado 2017 ilibidi halmashauri ziagizwe kutoka juu zikanunue. Kama mwenye matangi anatafutiwa wateja kwa agizo, mwenye benchi atamuuzia nani?

#28 Kagera One
Mnajenga majengo ya nini? Mashine ya kusoma DNA ya MinION inaingia mfukoni. Watafiti wa virusi vya muhogo wa Tanzania, Uganda na Kenya walishaipeleka shambani wakasoma virusi chini ya mti, mkulima akapata jibu siku hiyohiyo au kesho yake. Wakaita maabara ya mti.

#29 Sanduku la Barafu
#28 muulize aliyebeba vitendanishi vya chini ya mti vilitoka wapi na vilipita uwanja gani.

#30 Kagera One
Kwenye kibaridi cha betri. Vilifika.

#31 Benchi Tupu
Vilifika kwa sababu mradi ulilipa. Tunarudi palepale.

Nawaza hivi: tuanze na vyumba viwili tu, kimoja chafu cha uyoga na chachu, kingine cha tishu za mimea. PCR isubiri, Kapteni asije akafa kwa presha. Otoklevu moja ya lita nyingi, kabineti mbili za hewa safi, hakuna friza la −80. Mtu anakodi kwa siku. Nyumba ya kawaida Mbezi au Kibaha yenye kisima na tangi. Sukari ya dukani inaingia kwenye lishe ya migomba badala ya ile ya chupa, wengi wameshafanya hivyo na miche inaota.

#32 Kapteni Pipeti
Nani analala pale usiku? Nauliza kwa wema. Taa za miche zikizima saa nane usiku nani anaamka? Na nani anamwambia mpangaji aliyelipa kwamba leo haingii kwa sababu katoka shambani na viatu vyake? Bila huyo mtu mwenye ukali, chumba chako kina maisha mafupi.

#33 Msomi wa Juja
Ndiye yule msimamizi niliyemsema #13. Mshahara wake umewekwa kwenye hesabu?

#34 Hesabu Ndogo
Haujawekwa. Ukiwekwa, bei kwa siku inampita Mama Uyoga.

#35 Mama Uyoga
Mimi bei yangu mnaijuaje jamani? Niambieni kwanza ni shilingi ngapi ndipo mseme imenipita. Mifuko ninayotupa masika ni fedha pia.

#36 Fundi Friza
Mama, njoo pembeni. Kuna otoklevu ya wima ya lita 50, mlango ulikuwa unavuja, nimebadilisha gasketi. Inapanda nyuzi 121 na inashika. Mwenyewe anataka iondoke ghalani. Una umeme wa njia ngapi hapo kwako?

#37 Mama Uyoga
Njia moja baba. Nakuja pembeni sasa hivi.

#38 Nyuki Mkali
Na kilo ya uyoga inauzwaje, tukiwa tunasubiri?

#39 Benchi Tupu
Fundi, hiyo otoklevu usimuuzie mtu mmoja!